Mtungi Hausemeshwi

Kila Jumatano soko letu la wanawake hapa Ibra, Omani, hufunguliwa mapema, na mwanamume hapiti lango lake hata awe na haraka ya namna gani. Ukishaingia, mkono wa kulia, baina ya duka la vitambaa na ukuta wa maegesho ya magari, kuna benchi refu la saruji. Benchi hilo ni letu sisi tunaosema Kiswahili. Hakuna aliyetupa, tumelikalia tu miaka mingi mpaka wenye soko wakachoka kutuuliza. Hapo huwa pana chupa ya kahawa ya iliki, sahani ya tende, bidhaa zetu miguuni, na maneno. Biashara huwa kidogo. Jumatano iliyopita kahawa ilikuwa nyingi na maneno yalikuwa mengi zaidi, lakini neno moja lilipigwa marufuku. Neno lenyewe ni mtihani.

Mwenye mtihani ni Kaltham. Ana miaka hamsini na moja, mjane. Marehemu mumewe alinunua gari jeupe, Korola, akaliandikisha kwa jina la Kaltham, akamwambia: siku utakayopata leseni, unipeleke Sur, pwani, tukale samaki. Hakuwahi kupelekwa. Miaka miwili sasa gari hilo linaendeshwa na shemeji yake, Humaid, ambaye hulijaza majani ya mbuzi wake na kumpakia Kaltham humo humo, kiti cha nyuma, majani yakimchoma magotini. Ndiyo maana hapa kwetu jina lake ni Kiti cha Nyuma. Mtihani wa mapipa, ule wa kurudi kinyumenyume baina ya mapipa, aliupita zamani. Wa njiani umemwangusha mara tano. Humaid amekwisha mpata mnunuzi, mtu wa kuja Alhamisi, na Kaltham ameahidi kwamba akianguka mara ya sita atatia saini gari liuzwe. "Gari lisilo na dereva ni banda la kuku," ndivyo Humaid asemavyo.

Mtihani wa sita, sote tulijua, ulikuwa Jumatano hiyo hiyo, saa nne na nusu.

Amri ya kunyamaza aliitoa Bibi Hamda, mkubwa wetu, mwenye miaka sabini na minane. Alizaliwa Vikokotoni, Unguja, anauza ubani, na neno lako hulipima kabla hajalipokea. Tunamwita Bi Mizani. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mara tano tulimwombea Kaltham kwa sauti, tukampigia simu asubuhi, mara ya nne tukanunua halua kabisa, na mara tano akaanguka. Safari hii asiulizwe, asitakiwe kheri, asitajiwe.

Mimi nilifika saa tatu kasoro, binti yangu Yaqeen kifuani na kofia zangu za kushona mkobani. Nilimkuta Kaltham amekwisha kaa, peke yake, finjani mkononi. Nilishangaa kidogo, maana Humaid humshusha saa tatu na nusu, naye hufika akinuka majani na kunung'unika. Leo alinukia udi.

Kaltham: Karibu, Kimya. Umekuja kwa wakati. Ntakwambia kitu.

Kimya ni mimi. Kabla sijaitika, Bi Mizani akatua mzigo wake wa ubani katikati yetu.

Bi Mizani: Hakuna cha kuambiwa. Sabalkheri, Kaltham. Tende hizi za wapi?

Kaltham: Shikamoo, Bi Hamda. Za nyumbani. Nilikuwa nasema...

Bi Mizani: Marahaba. Zimeiva vizuri. Kula.

Akala. Hapo akaingia Tamima, macho mekundu, simu mkononi. Tamima alikuwa mwalimu wa jiografia, sasa amestaafu. Zamani mumewe alipelekwa kusoma Ohio, naye akamfuata, akakaa miaka minne hana amjuaye ila jirani mmoja, kizee wa Kimarekani, aliyekuwa akimchukua uwanjani kutazama besiboli. Alirudi na mabegi mawili na mapenzi ya mchezo huo, na hapa Ibra hana wa kuzungumza naye habari zake isipokuwa sisi, ambao hatuujui. Tunamwita Bi Amerika.

Bi Amerika: Msinisemeshe. Sikulala.

Bi Mizani: Unayesema ni wewe.

Bi Amerika: Nimesali alfajiri, nikafungua simu, nimekaa na besiboli mpaka jua limenipiga utosini. Kijana wa timu yangu karusha mpira raundi saba, hakuna mpigaji aliyemgusa. Saba, Bi Hamda. Ya nane, yule mtangazaji, mdomo kama beseni, akasema: "Jamani, mwaonaje, huyu hajaguswa." Mpira uliofuata ukapigwa mpaka nje ya uwanja.

Bi Mizani: Si ndiyo nisemayo mimi siku zote.

Mwisho wa benchi alikuwa Shatha akipanga abaya zake za kuuza. Ana miaka ishirini na miwili. Kiswahili chake nusu kakitoa kwa bibi yake na nusu kwenye simu, na sisi humwita Tarjama. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, na khalti kwake ni mama mdogo.

Tarjama: Khalti, huyo anarusha mpira, jina yake nini? Yaani kazi yake?

Bi Amerika: Mrushaji. Wenyewe humwita picha.

Bi Mizani: Picha hutundikwa ukutani.

Bi Amerika: Siyo picha hiyo, bibi. Ni Kizungu chao.

Tarjama: Subiri, niulize simu. Hii hapa. Simu inasema: mtungi.

Bi Mizani: Nini?

Tarjama: Mtungi. Wa maji.

Bi Mizani: Mtungi una shingo, una tumbo. Hauna mkono. Utarushaje mpira?

Tarjama: Mimi sijui, khalti, simu inasema. Lakini methali iko. Haba na haba hujaza mtungi. Si ndiyo? Mpira moja, mpira moja, mpira moja, mpaka mtungi umejaa, mchezo khalas.

Tarjama hupiga methali kila Jumatano, na kila Jumatano methali huvunjika mguu. Wiki ya juzi alisema maji yakimwagika hayazoeleki. Hii ilikuwa imekwenda ikasimama wima.

Bi Mizani: Sijapata kuona methali ikipigwa hivyo isife.

Tangu hapo mrushaji akawa Mtungi, na Bi Amerika mwenyewe akakubali, kwa sababu alitaka kuendelea.

Bi Amerika: Basi Mtungi husimama juu ya kichuguu, katikati. Mbele yake mpigaji na rungu lake. Nyuma ya mpigaji, amechutama, yuko mdakaji, naye humwashiria Mtungi kwa vidole: rusha hivi, rusha vile. Mtungi asipotaka, hutikisa kichwa.

Tarjama: Kama finjani.

Bi Amerika: Kama finjani hasa. Sisi tukitosheka na kahawa tunatikisa finjani, naye akikataa anatikisa kichwa. Hakuna neno. Sasa, mchezo mzima una watu ishirini na saba wa kutolewa. Akiwatoa wote ishirini na saba mfululizo, asifike mmoja hata kituo cha kwanza, huo ndio mchezo kamili. Kwenye ligi yao kubwa, zaidi ya miaka mia, umetokea mara ishirini na nne tu.

Kaltham: Ishirini na saba bila kosa hata moja. Miye nakwambieni, kosa moja nililofanya mimi...

Bi Mizani: Kaltham, finjani yako tupu. Lete.

Akamjazia mpaka ukingoni. Kwetu finjani haijazwi hivyo, lakini mdomo uliojaa kahawa hausemi.

Bi Amerika: Na kuna mwengine, Nolan Ryan. Huyu sisemi mchezo kamili, lakini mara saba alimaliza mchezo hawakumpiga mpira mmoja wa maana. Mara saba. Ya saba ana miaka arobaini na minne, wenzake wote kama watoto wake.

Tarjama: Saba ni nyingi kuliko sita.

Bi Mizani akamkanyaga.

Kaltham: Sita nini?

Tarjama: Sita... namba. Iko kabla ya saba.

Kaltham: Ahsante. Nilikuwa sijui.

Alisema huku akitazama ndani ya finjani. Mabega yalimtikisika kidogo, na mimi nikadhani ni hofu.

Bi Amerika: Na yule mzee, Satchel Paige. Huyo ndiye nimpendaye kuliko wote. Umri wake watu walibishana maisha yake yote.

Bi Mizani: Kama paspoti zetu. Sisi tuliotoka Unguja sote tumezaliwa tarehe mosi Januari.

Bi Amerika: Karibu na hivyo. Alirusha raundi tatu ana miaka hamsini na tisa. Walimwekea kiti cha bembea na muuguzi pembeni yake, watu wacheke. Akanyanyuka kwenye bembea, akapanda kichuguu, na katika raundi tatu zote aliyempiga vizuri ni mtu mmoja tu. Hamsini na tisa. Sembuse mtu wa hamsini na...

Bi Mizani akakohoa. Kikohozi chake kina herufi zote.

Bi Amerika: ...na chochote. Nasema tu.

Kaltham: Sema, sema. Mimi nasikiliza. Alijifunza uzeeni?

Bi Mizani: Tamima, sheria uliyotwambia siku ile ni ipi? Ya kunyamaza.

Bi Amerika: Naam. Ikifika raundi ya sita, ya saba, na Mtungi hajaguswa, wenzake hawamsemeshi. Anarudi kukaa, wanahama. Benchi zima hubaki lake na kopo lake la maji. Hakuna wa kutaja lile jambo, hata kwa fumbo. Si woga, si ugomvi. Ni adabu.

Sijui nani aliyeanza. Najua kwamba Tarjama alisogeza abaya zake, mimi nikamsogezea Yaqeen nafasi, Bi Mizani akavuta ubani wake, na baada ya muda kidogo Kaltham alikuwa peke yake upande mmoja wa benchi na sahani nzima ya tende, na sisi wanne tumebanana upande wa pili kama kuku mvuani.

Kaltham: Mimi nanuka?

Bi Mizani: Hunuki. Upande huu kuna upepo.

Upepo haukuwepo. Saa ya ukutani, ya yule mwenye duka la vitambaa, ilisema saa nne kasoro robo. Kituo cha mtihani si karibu. Ukitoka sokoni dakika ishirini, ukipata njia.

Tarjama: Lakini sababu ni nini hasa? Kwa nini Mtungi hasemeshwi?

Bi Mizani: Jicho. Watu hudhani jicho hutoka jichoni. Jicho hutoka mdomoni na huingilia sikioni. Mimi nilipokwenda Hija, Mina, nilirusha vijiwe saba, vyote saba vikapiga. Mbele yangu na nyuma yangu watu wanapigana visogoni. Mimi, saba kwa saba. Kwa nini? Hakuna aliyenisemesha.

Tarjama: Na mume yako, khalti?

Bi Mizani: Mume wangu. Alipotea tangu jana yake.

Bi Amerika: Ukamtafuta?

Bi Mizani: Nilimaliza kurusha kwanza.

Tarjama: Mimi nimesoma kitu. Kuna mshipa inatoka sikioni, inakwenda mpaka kidole ya kati. Mtu akitaja lile jambo, damu inapanda juu kusikiliza. Mkono inabaki haina damu. Mpira inakwenda kushoto.

Bi Amerika: Na Mtungi wa mkono wa kushoto?

Tarjama: Inakwenda kulia.

Bi Amerika: Alikuwepo mmoja akirusha kwa mikono yote miwili.

Tarjama: Huyo kiziwi.

Bi Amerika: Hakuwa kiziwi.

Tarjama: Basi wenzake walikuwa bubu.

Bi Mizani: Mnahangaika bure. Mimi nilikuwa mtupaji wa nage, skuli, Unguja. Mpira wa soksi. Unasimama huku, mwenzio kule, msichana katikati anakwepa, unamlenga. Siku moja niliwatoa kumi na tisa.

Bi Amerika: Mwezi uliopita walikuwa kumi na wawili.

Bi Mizani: Wamezaliana. Nilipowatoa hao kumi na tisa, mwalimu akasema, "Hamda, mashallah, mkono huo." Wa ishirini nikampiga mwalimu.

Bi Amerika: Mpira wao una mishono mia na minane, uzi mwekundu. Pengine siri imo humo.

Bi Mizani: Uzi mwekundu? Tasbihi ni tisini na tisa. Hiyo tisa iliyozidi ya nani?

Hapo nilijisahau. Mimi nashona kofia, na kofia moja hunichukua miezi.

Mimi: Mia na minane, kwa mkono?

Wakanigeukia wote. Hata Yaqeen aliacha kunyonya akanitazama.

Bi Amerika: Kwa mkono, Kimya. Kila mmoja.

Kaltham: Alhamdulillahi, Kimya kasema. Sasa na mimi niseme. Siku ya Jumatatu, jamani...

Bi Mizani: Jumatatu imepita. Mchelea mwana kulia, Kaltham. Kula tende.

Kaltham: Methali hiyo inahusu nini?

Bi Mizani: Inahusu tende.

Kaltham akachukua tende nyengine, akaila polepole, akalitema kokwa kiganjani kwa adabu. Saa ikasema saa nne na dakika tano. Kaltham hakuangalia saa. Alimrekebishia Yaqeen kofia kutoka mbali, kwa mkono mrefu, akarudi kuegemea ukuta kama mtu aliyekuja kukaa mpaka adhuhuri.

Ndipo tulipoona shimo tulilojichimbia. Kama amesahau, nani atamkumbusha, na sheria inakataza kumtaja? Na kama hakusahau, basi amekata tamaa. Bi Mizani alitukusanya kwa jicho, tukainamisha vichwa.

Bi Mizani (kwa mnong'ono): Anachelewa.

Bi Amerika: Mwambie.

Bi Mizani: Nitamwambiaje, nami ndiye niliyekataza? Mwambie wewe.

Bi Amerika: Mimi ndiye niliyeleta ushahidi.

Tarjama: Nimtumie ujumbe?

Bi Mizani: Ujumbe nao ni mdomo.

Wakanitazama mimi.

Bi Mizani: Kimya, mwanangu. Wewe husemi. Ukisema wewe haihesabiki kama kusema.

Bi Amerika: Ni kweli. Ni kama upepo.

Sikupenda, lakini yule ni mkubwa wangu. Nilimkabidhi Tarjama mtoto, nikateleza juu ya saruji mpaka upande wa Kaltham. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nilitaka kusema, da Kaltham, saa ngapi sasa. Maneno matano tu, nayo hayakuvunja sheria. Akanigeuzia uso, macho yake yana kitu kinachong'aa, na maneno yangu yakaniishia.

Mimi: Utaongeza kahawa?

Kaltham: Hata wewe, Kimya?

Akanibana mkono, akauachia. Nikarudi nilikotoka.

Bi Mizani: Umemwambia?

Mimi: Nimemwuliza kahawa.

Bi Amerika: Upepo kweli.

Saa nne na robo. Hapo hata angepanda ndege asingefika. Bi Mizani alianza kufunga vifurushi vya ubani vilivyokuwa vimekwisha fungwa. Nilimwona akimtazama Kaltham kwa pembe ya jicho. Mara tano alikuwa amemngojea nyumbani kwake na chai, na mara tano amemfuta machozi. Kesho, Alhamisi, mtu atakuja kuchukua gari, na Kaltham atarudi kiti cha nyuma cha pikapu ya mtu mwengine.

Bi Amerika naye alikuwa amebadilika. Aliweka simu kifudifudi mapajani.

Bi Amerika: Kuna mchezo mmoja siusahau. Mwaka elfu mbili na kumi. Mtungi kijana, mtu wa Venezuela. Kawatoa ishirini na sita. Bado mmoja. Mpira ukapigwa chini, ukadakwa, yule mpigaji akatoka kabisa, dunia nzima imeona. Refa akasema hakutoka.

Tarjama: Kwa nini?

Bi Amerika: Kakosea. Binadamu. Basi mchezo kamili ukapotea hapo hapo.

Bi Mizani: Kijana akafanya nini?

Bi Amerika: Akatabasamu. Wallahi, nimeona. Akatabasamu, akarudi kichuguuni, akamtoa anayefuata. Baadaye refa akaona kosa lake, akaomba radhi. Kesho yake wakakutana uwanjani, refa machozi yanamtoka, kijana akampa mkono.

Bi Mizani: Na kitabuni?

Bi Amerika: Katika kitabu chao cha rekodi haumo. Lakini mimi katika michezo kamili yote, naujua huo zaidi.

Alikuwa anamwambia Kaltham. Hakumtazama, alitazama tende, lakini sote tulijua anamwambia nani. Alikuwa anamwambia kwamba mtu akikosa leseni bado ni mtu.

Kaltham alikuwa ameinama. Mabega yalimtikisika tena.

Bi Mizani: Usilie, mwanangu. Mtungi ukivunjika, magae yake yanafukiziwa ubani.

Kaltham: Silii, Bi Hamda.

Bi Mizani: Basi mmiminieni kahawa.

Tarjama akainua chupa, akaiinamisha. Likatoka tone moja, likasita, likarudi. Kahawa imekwisha. Saa ya vitambaa ikafika saa nne na nusu. Kwa dakika nzima benchi letu lilikuwa kimya kuliko mimi.

Katika kimya hicho akaja mwanamke tusiyemjua, kijana, ufunguo wa gari mkononi. Baadaye tulijua kwamba anaitwa Hala, muuguzi, kwao wametokea Burundi, na amehamia Ibra kutoka Bidbid mwezi huu. Alisimama mbele yetu akatusalimia kwa heshima.

Hala: Shikamooni, mama zangu. Nimesikia mnaongea Kiswahili, nikafurahi sana. Samahani, naomba kuuliza. Kuna gari pale parking imeniziba. Korola nyeupe, nyuma imejaa majani ya mbuzi. Ni ya nani?

Bi Mizani: Ya Humaid hiyo. Yaani si yake, lakini ndiye dereva.

Hala: Nitampata wapi?

Tarjama: Humaid hayuko. Mimi nimemwona jana anapanda pikapu ya rafiki yake, amekwenda Mudhaibi kununua mbuzi. Atarudi kesho.

Hala: Sasa kama yuko Mudhaibi, gari nani ameileta?

Swali jepesi. Bi Mizani alifungua mdomo, akaupima, akaufunga. Bi Amerika aliinua simu akaiweka tena. Tarjama aliitazama simu yake, na nina hakika hata simu ingeulizwa ingesema mtungi. Tulimtazama Hala, tukatazama lango, tukatazamana.

Kaltham aliitikisa finjani yake mara mbili, akaiweka juu ya sahani. Ameshatosheka. Akafungua mkoba.

Kaltham: Langu.

Hala: Samahani, mama?

Kaltham: Hilo gari. Langu. Nilifika alfajiri, maegesho matupu, nikaliweka nilivyoweza. Ngoja nikutolee.

Ufunguo ulikuwa na kamba ya bluu. Sote tunaujua, miaka miwili umening'inia kwenye msumari mlangoni kwa Humaid.

Bi Amerika: Kaltham. Mtihani si leo?

Ndivyo sheria ilivyovunjika, na aliyeivunja ni yule yule aliyetuletea kutoka Ohio.

Kaltham: Waliniletea ujumbe Jumamosi kwamba mtihani umewahishwa. Ulikuwa Jumatatu. Nilifanya kosa moja tu, nilimwamkia afisa shikamoo badala ya salamu alaykum. Leseni hii hapa. Tangu asubuhi nataka kukwambieni, kila nikifungua mdomo mnaujaza tende.

Bi Mizani akaipokea leseni kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akasoma jina lote mpaka la babu.

Bi Mizani: Langu. Hata sarufi kaipata. Vijana wote wanasema gari yangu.

Tukamfuata mpaka langoni, mimi na Yaqeen mbele. Korola lilikuwa limekaa upande upande baina ya ukuta na pikapu ya vitunguu iliyokuja mwisho, na mbele yake, limezibwa, gari dogo la Hala. Hakukuwa na njia ila kurudi kinyumenyume, kukata, kwenda mbele, kurudi tena. Kaltham akaingia, akafunga mkanda, akarekebisha kioo. Tarjama alivuta pumzi apige kigelegele. Bi Mizani akamziba mdomo kwa kiganja.

Bi Mizani: Hausemeshwi.

Likarudi. Likasimama. Likaenda mbele kidogo, likarudi tena, kioo cha pembeni kikapita kwenye vitunguu kwa upana wa kidole. Hatukupumua. Majani ya mbuzi yaliyokuwa dirishani yakapeperuka moja moja. Kisha gari lote jeupe likawa nje, barabarani, limenyooka, na Hala akapunga mkono akaenda zake kazini.

Kaltham alishusha kioo.

Kaltham: Sasa semeni.

Bi Mizani alifuta pua kwa ncha ya mtandio.

Bi Mizani: Na mtu wa kesho? Mnunuzi wa Humaid?

Kaltham: Atakuta banda la kuku tupu. Kesho nakwenda Sur. Nina samaki wa kula huko, miaka mingi ananingoja.

Bi Mizani: Peke yako?

Kaltham: Mbele kuna nafasi ya mmoja. Wengine nyuma, na majani.

Tukatazamana. Jina la Kiti cha Nyuma lilikuwa limeachwa wazi, na hakuna aliyelitaka. Nilipogeuka kumwuliza Bi Mizani kama gari humtia kichefuchefu, hakuwepo. Mwenye miaka sabini na minane alikuwa amekwisha fika upande wa pili, ameshika kitasa cha mlango wa mbele, na safari yenyewe ni kesho.